Kwa nini wikiendi za Mwanhuzi huchangamka baada ya mavuno?

Sababu kubwa ni mfuko. Meatu ni wilaya ya pamba na ng'ombe, na pamba ikishaanza kununuliwa katikati ya mwaka, hata asiyekula nje miezi yote anaagiza nusu kilo ya nyama choma. (Hela hiyohiyo ndiyo ada na chakula cha Januari, kwa hiyo tenga kwanza, uagize baadaye.)

Ngoma za Kisukuma nazo husubiri shamba lipumzike. Bagika na Bagalu, mahasimu tangu karne ya 19, hucheza muda mmoja, jirani kwa jirani. Anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi, ndiyo maana hata chatu huletwa uwanjani. Ukihamia upande wa pili kuchungulia, tayari umepiga kura.