Mama, Nifanye Nini?

Ilikuwa jioni ya Jumatano. Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi wodini, miguu imenivimba, nimeketi jikoni nachambua mchele. Simu ikaita. Alikuwa binti yetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 23, ambaye alikuwa na miezi minne tu katika kazi yake ya kwanza kwenye duka la dawa katika mji mwingine. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha stoo.

"Mama, tajiri ameniletea katoni mbili za dawa ya maji ya watoto. Muda wake umekwisha. Anataka nifute tarehe nibandike nyingine. Mama, nifanye nini?"

Mpendwa mama mwenzangu, natamani ningeweza kukuambia kwamba nilimjibu kama impasavyo mama wa Kikristo. Sikumjibu hivyo. Mimi, muuguzi wa zaidi ya miaka ishirini, mwalimu wa kujitolea wa darasa la kipaimara, nilimwambia: "Mwanangu, nyamaza kwanza. Kazi hazipatikani siku hizi. Na mdogo wako anasubiri ada."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Sawa, mama," akakata simu.

Ile "sawa, mama" ndiyo iliyoninyima usingizi usiku ule. Tangu utotoni tulimfundisha mtoto huyu kutii, naye alikuwa tayari kunitii hata pale nilipomwelekeza pabaya.

Utii una mipaka yake

Sisi akina mama tunapenda sana neno utii. Tunalisema mtoto akiwa na miaka mitatu, na tunaendelea kulisema akiwa na ndevu. Lakini Mtume Paulo anapowaandikia Waefeso habari za watoto kuwatii wazazi, anaongeza kwamba utii huo uwe katika Bwana. Maana yake ni kwamba juu ya mzazi yuko Mwingine. Hali kadhalika Petro na wenzake, walipokatazwa na wakuu wa baraza kulihubiri jina la Yesu, walijibu kwamba hawana budi kumtii Mungu kabla ya wanadamu.

Kijana wa miaka 18 au 23 yuko mahali pagumu. Ametoka mikononi mwetu, lakini bado anaitazama sura yetu kabla hajaamua. Hata mwili wenyewe watushuhudia jambo hili. Wataalamu wa afya wanafahamu kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu afikapo katikati ya miaka ya ishirini. Kwa hiyo kijana wako akipiga simu na kuuliza "nifanye nini," usidhani anauliza swali dogo. Anaazima macho yako aone njia. Tukimwazima macho yenye hofu ya umaskini, hiyo hofu ndiyo atakayoiona.

Kilichokuwa kabatini mwangu

Mnamo saa nane za usiku niliamka kutafuta dawa ya kichwa. Nikafungua kabati la chumbani. Humo mlikuwa na pamba, bandeji, plasta na glavu za hospitali. Vyote vilitoka wodini. Sikuviiba kwa wingi, la hasha. Leo jozi mbili mfukoni, kesho roli moja la plasta. Nilikuwa nikijiambia kwamba mshahara ni mdogo na kila mtu anafanya hivyo.

Nikakumbuka kwamba binti yangu alipokuwa darasa la saba aliwahi kuniuliza, "Mama, hizi glavu umenunua?" Nami nilimjibu, "Ni za kazini, usiwe na maswali mengi." Nikaketi kitandani nikalia. Yesu alifundisha, katika Injili ya Luka sura ya 16, kwamba uaminifu katika lililo dogo ndio uaminifu katika lililo kubwa, na udhalimu vivyo hivyo. Tajiri yule wa duka hakumfundisha binti yangu kitu kipya. Alikuwa anaendeleza somo nililolianza mimi.

Mambo haya yana gharama kwa taifa zima. Mwaka 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma hapa Tanzania ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, miongoni mwao wakiwemo wahudumu wa afya. Watu hao wote waliwahi kuwa vijana wa miaka 18. Wengi walikuwa na mama. Sijui mama hao walisema nini, wala siwahukumu. Nataka tu tujiulize: cheti cha uongo kinapoingia nyumbani, nani anakishangilia?

Danieli hakutukana

Kabla ya mapambazuko nilimwamsha mume wangu, nikamweleza yote, pamoja na habari za kabati. Tukapiga magoti. Saa kumi na mbili asubuhi nikampigia binti yetu.

"Mwanangu, jana nilikushauri vibaya. Nisamehe. Usifute zile tarehe."

Nikasikia anashusha pumzi. Akasema, "Mama, sijazigusa. Nilikuwa nasali upige."

Nilimkumbusha mambo aliyofundishwa chuoni. Dawa iliyopita muda inaweza kupungua nguvu. Mtoto mwenye homa ya mapafu akinywa dawa ya kuua vimelea isiyo na nguvu, vimelea havifi vyote, na vinavyobaki vinaweza kuwa sugu. Mama yake atadhani amempa tiba, kumbe siku zinapita na mtoto anazidi kuzama. Nimewapokea wodini watoto waliocheleweshwa kwa namna hiyo. Kwa hiyo shauri lile halikuwa la karatasi wala la lebo. Lilikuwa la uhai wa mtoto wa mtu.

Kisha tukazungumza jinsi ya kusema. Danieli alipokuwa kijana Babeli, aliazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Lakini angalia jinsi alivyofanya: hakumtukana msimamizi. Alimwomba kwa heshima wajaribiwe siku kumi. Msimamo thabiti na ulimi wa adabu hukaa pamoja. Binti yangu akaenda kwa tajiri wake, akamwambia, "Shikamoo mzee. Naomba unisamehe, kazi hii ya kubadilisha tarehe siwezi kuifanya. Nyingine zote nitafanya." Yule bwana akamwambia akusanye vitu vyake, asirudi kesho.

Wiki ile ile baba yake alimsindikiza katika ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wakatoa taarifa. Aliogopa sana. Lakini kunyamaza baada ya kufukuzwa kungewaacha watoto wa wengine na zile chupa.

Thawabu haikuja upesi

Hapa ndipo mahubiri mengi huishia, kwamba Mungu alimfungulia mlango mkubwa zaidi siku iliyofuata. Kwetu haikuwa hivyo. Binti yetu alikaa nyumbani miezi minane. Aliamka alfajiri kukaanga maandazi na kuyauza karibu na stendi. Ndugu wengine walisema anajifanya mtakatifu. Shangazi yake alimwuliza mbele ya wageni kama utakatifu unalipa ada. Siku nyingine, nikimwona anarudi na ndoo ya maandazi yaliyobaki, nami moyo wangu ulinung'unika.

Ndipo nikasoma tena habari za Yusufu. Alipouzwa alikuwa kijana wa miaka 17. Alimkimbia mke wa Potifa ili asimkosee Mungu, na malipo yake yakawa gereza. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Hiyo ni miaka 13. Wazee wetu wa Afrika Mashariki nao wanawakumbuka vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana, wengi wao waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa kutokubali kuikana imani yao. Wale hawakuona kabisa malipo ya hapa duniani.

Basi tusiwadanganye vijana wetu kwamba uaminifu ni biashara yenye faida ya haraka. Akiambiwa hivyo, siku faida isipoonekana ataacha uaminifu wenyewe. Tuwaambie kweli: unatii kwa sababu Mungu ni Mungu, na kwa sababu jirani yako ana thamani mbele zake.

Leo binti yetu anafanya kazi katika zahanati moja ya kijijini. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kwanza. Analala usingizi.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tutangulie kutubu. Nilinunua boksi moja la glavu mia kwa fedha yangu, pamoja na pamba na plasta, nikavipeleka kwa kiongozi wa wodi na kumweleza. Niliona haya mno. Lakini Zakayo alirudisha mara nne, na nyumba yake yote ikapata wokovu. Niliwaambia wanangu pia. Heshima yangu haikupungua kama nilivyodhani.

Pili, tuache kuwatuma watoto uongo. Tukimwambia mtoto amjibu mwenye deni kwamba mama hayupo, au tukimpa mzee wa ofisini bahasha ili mtoto apate nafasi, tunamfundisha bila ubao wala chaki.

Tatu, tuulize vitu vimetoka wapi. Kijana asiye na kazi akija na simu ya bei kubwa, tusianze kwa kumsifu. Eli alijua uovu wa wanawe asiwazuie, na nyumba yake ikaanguka.

Nne, tuzungumze waziwazi habari za mwili. Wanakuja mabinti kliniki kutafuta vidonge vya dharura, na baadhi yao nawafahamu, ni wa nyumba zenye Biblia mezani. Hawajui kwamba vidonge hivyo havimkingi mtu na Virusi vya UKIMWI wala kaswende. Ukimya wetu tunauita adabu, kumbe ni uoga. Binti na mvulana wasikie kwetu kwamba usafi wa mwili ni utii kwa Mungu, na wasikie pia kwamba wakianguka mlango wa kurudi uko wazi.

Tano, tuwaahidi mapema sahani yao. Mwambie kijana wako leo, kabla hajajaribiwa: "Ukipoteza kazi kwa kukataa dhambi, rudi nyumbani. Tutagawana kilichopo." Kijana mwenye ahadi hiyo anakataa dhambi akiwa na mgongo ulionyooka.

Paulo alipoitaja imani ya Timotheo, aliwataja pia bibi yake Loisi na mama yake Eunike, ambao imani hiyo ilikaa ndani yao kwanza. Ilianzia kwa bibi, ikapita kwa mama, ikamfikia kijana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wahenga walisema, nami naongeza kwamba hukua akitazama pia makabati yetu.

Simu ya kijana wako itaita siku moja, pengine usiku, pengine ukiwa umechoka kama mimi. Atauliza, "Mama, nifanye nini?" Bwana atusaidie tuwe na jibu tunaloliishi.