Habari za Vita na Amri ya Nane: Mfano wa Ethiopia na Eritrea

Nchi mbili jirani zinapopigana, mchungaji hujikuta na kazi ambayo hakufundishwa katika darasa la homiletiki, nayo ni kufuatilia habari za mapigano. Hana budi kuifanya. Siku ya Bwana atasimama mbele ya washarika waliozisikia habari hizo redioni juma zima, na sala ya kanisa atakayoiongoza ama itawataja wanaokufa ama itawanyamazia. Swali ni namna gani azisikilize. Makala haya yanatumia vita vya Ethiopia na Eritrea vya mwaka 1998 hadi 2000, kwa sababu mwenendo wake unafahamika leo vizuri kuliko wakati wa mapigano, na taarifa za siku zile zinaweza kupimwa. Ipo pia sababu ya pili iliyo karibu nasi zaidi: pande zote mbili za mpaka ule wako Walutheri wa mzizi mmoja.

Mzizi huo ni wamisionari wa Kiswidi waliofika bandari ya Massawa mwaka 1866. Shabaha yao ilikuwa kuwafikia Waoromo, lakini njia ya bara ilifungwa, nao wakabaki pwani. Hapo ndipo Onesimos Nesib, Mworomo aliyekuwa ameuzwa utumwani na kisha kukombolewa, alipobatizwa na kusomeshwa. Akiwa kituoni Imkullu, karibu na Massawa, alitafsiri Maandiko kwa Kioromo akisaidiwa na Aster Ganno, binti aliyeonja utumwa kama yeye. Agano Jipya lilitoka mwaka 1893 na Biblia nzima mwaka 1899. Kwa hiyo Biblia iliyowalea Wakristo wengi wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus nchini Ethiopia ilizaliwa katika nchi ambayo leo ni Eritrea. Miaka mia moja baadaye, wajukuu wa kiroho wa kituo kile walikuwa katika mahandaki yanayotazamana.

Walioanzisha vita hawakuwa wageni kwa wenzao. Majeshi ya ukombozi ya Isaias Afwerki na ya Meles Zenawi yalishirikiana kuung'oa utawala wa Mengistu Haile Mariam mwaka 1991, na Eritrea ikapata uhuru wake mwaka 1993 kwa kura ya maoni ambayo Addis Ababa iliikubali. Hata sarafu waliendelea kuitumia moja, hadi Eritrea ilipotoa nakfa mwishoni mwa mwaka 1997. Lakini mpaka ulikuwa haujawekewa alama ardhini. Tarehe 6 Mei 1998 risasi zililia karibu na Badme, mji mdogo wa magharibi. Siku sita baadaye askari wa Eritrea waliingia huko na vifaru. Mwezi Juni ndege za Ethiopia zilishambulia uwanja wa ndege wa Asmara, na ndege za Eritrea zikaushambulia mji wa Mekele, ambako bomu lilianguka penye shule na kuua watoto.

Kisha ukaja utulivu wa miezi minane, ambao ulihadaa wengi. Wasikilizaji walidhani vita vimekwisha, kumbe nchi hizi mbili, zilizo miongoni mwa maskini kabisa duniani, zilikuwa zikinunua ndege za kivita za Kirusi na kuchimba mahandaki. Mwezi Februari 1999 Ethiopia ilivunja mstari wa Badme na kuutwaa mji. Eritrea, iliyokuwa ikisitasita, ikaukubali mara moja mpango wa amani wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwezi Machi, huko Tsorona, Ethiopia ilishambulia tena, na safari hii ilirudishwa nyuma kwa hasara kubwa ya watu. Mwezi Mei 2000 ikaja awamu ya mwisho. Ethiopia ilipenya upande wa magharibi, ikaingia Barentu, ndani kabisa ya Eritrea, na mamia ya maelfu ya raia wakakimbia. Mapatano ya kusitisha mapigano yalitiwa sahihi Algiers mwezi Juni, na mkataba wa amani mwezi Desemba.

Sasa tutazame jinsi mambo hayo yalivyotangazwa. Kila upande ulihesabu maadui waliouawa kwa maelfu, na juu ya maiti wake wenyewe ukanyamaza. Barentu ilipoanguka, Asmara iliita tukio hilo kuondoka kwa sababu za kimkakati. Siku chache baadaye, ilipoondoka Zalambessa, ilieleza kuwa inaitikia wito wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ni mwaka 2001 tu Eritrea ilipotaja askari wake 19,000 waliokufa. Makadirio ya wafu wa pande zote mbili huanzia 70,000 na kwenda juu.

Hapa ndipo Katekisimo inapotusaidia. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther, katika Katekisimo Ndogo, aongeza wajibu wa kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Taarifa ya jeshi ni ushuhuda juu ya jirani. Anayeirudia mimbarani bila kuipima amekuwa shahidi pamoja na msemaji wa jeshi. Kuipima si kazi ya wataalamu peke yao. Majina ya mahali husema kweli kuliko hesabu za wafu: jeshi linalodai kushinda kila siku, lakini miji linayoitaja inazidi kusogea ndani ya nchi yake, linashindwa. Kadhalika, upande unaosema umeondoka kwa hiari, ni vema kuuliza kama palikuwa na hiari ya kubaki.

Suala la nani mwenye haki ni gumu zaidi. Mkataba wa Algiers uliunda tume mbili. Tume ya Mipaka ilitoa hukumu tarehe 13 Aprili 2002 kwa kufuata mikataba ya Italia na Mfalme Menelik II ya miaka ya 1900, 1902 na 1908. Serikali ya Ethiopia ilitangaza siku ile ile kwamba Badme imepewa yeye. Haikuwa hivyo: Badme iliangukia upande wa Eritrea, na Ethiopia, iliyokuwa imeutwaa mji huo kwa damu nyingi, ikakataa kuutoa. Lakini Tume ya Madai, mwezi Desemba 2005, iliamua kwamba Eritrea ilivunja sheria ya kimataifa kwa kuingia kwa silaha mwaka 1998. Mwenye haki ya ardhi ndiye aliyekosa kwa kuanza vita. Luther aligusa jambo hili mwaka 1526 alipoandika kama askari nao waweza kuokolewa: kwake, kuwa na madai ya haki hakumpi mtu ruhusa ya kuanza kupigana. Mhubiri ambaye mwaka 1998 angechagua upande mmoja na kuuita wa Mungu, angekuwa na nusu ya ukweli mkononi.

Waliobaki nje ya hukumu zote mbili ni watu wa kawaida. Ethiopia iliwafukuza makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Eritrea, na Waethiopia wengi wakalazimika kuondoka Eritrea. Ndoa na familia zikakatwa katikati. Katika hali hiyo viongozi wa dini wa nchi zote mbili, Waorthodoksi, Waislamu, Wakatoliki na Wainjili, walikubali kukutana kwa msaada wa shirika la misaada la Kanisa la Norway, wakati vita vingali vikiendelea. Hawakusimamisha mapigano. Waliweza, hata hivyo, kukaa chumba kimoja na kusikia kila mmoja kwa kinywa cha mwenzake kilichotokea ng'ambo, jambo ambalo hakuna redio iliyolifanya.

Njia ya Zalambessa ilifunguliwa tarehe 11 Septemba 2018, baada ya Abiy Ahmed na Isaias kupatana, na ndugu wasioonana kwa miaka ishirini wakakumbatiana barabarani. Kabla ya mwaka kwisha, ilikuwa imefungwa tena.