Mushahara unaokufa tarehe 10

Mu Kolwezi kila mama wa nyumba anajua hesabu hii. Bwana anapokea tarehe 30. Tarehe 1 mwenye nyumba anapita kuchukua pesa yake. Tarehe 3 ni kiloba cha bunga, mufuko wa makala, mafuta na samaki wa kukausha. Tarehe 5 mwana mukubwa anafukuzwa masomoni, maana shule ya musingi njo bure tangu 2019, sekondari hapana. Tarehe 10 pesa imekwisha. Sasa wanaenda kwa Bank Lambert: unakamata dolari 100, mwezi ujao unarudisha 150. Mushahara ujao unakufa mbele ya kufika.

Ukiongelea mambo haya na wakubwa wa kampuni, wengi watakuambia kwamba mushahara ni gharama, na gharama inapunguzwa. Wangeuliza wazee wa Katanga. Hapa kwetu swali hili lilijibiwa karibu miaka 100 iliyopita.

Union Minière ilianza 1906. Miaka ya kwanza ilikuwa inaleta wanaume peke yao, kwa mikataba ya miezi tu, wengine kutoka mbali sana, hata Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Kambi zilikuwa mbaya. Watu walikufa na ugonjwa wa mapafu na wa kuhara, wengine walitoroka. Aliyebaki, akianza tu kujua kazi, mukataba unaisha, anarudi kwao. Kampuni inalipa tena kumutafuta mwingine, kumusafirisha, kumufundisha. Mu 1928 wakageuza njia: mukataba wa miaka 3, mwanaume aje na bibi na watoto, nyumba iko, hospitali iko, shule iko, na posho inahesabiwa mupaka ya bibi na ya watoto. Huruma haikuwamo. Walikuwa wamepiga hesabu yao, wakaona kwamba mutu anayekula na kukaa na jamaa yake hatoroki, hafi ovyo, na anajifunza. Polepole mashini nyingi zilizokuwa za Wazungu peke yao zikaingia mu mikono ya watu wetu.

Tusidanganyane, haikuwa paradiso. Kampuni ilikuwa inachunga hata maisha ya ndani ya kambi, vyama vya wafanyakazi wa Kiafrika vilikatazwa, na pesa ya mukononi ilikuwa kidogo. Wakati wa vita vya dunia bei za vitu zilipanda, wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941, Élisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, askari walipiga risasi na kuua makumi ya watu, Léonard Mpoyi kati yao. Wazee hawasahau ile. Lakini posho ya watoto hawaisahau pia, na hata Gécamines iliyofuata waliiita baba na mama, mupaka ilipoanguka, na mu 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakatolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa mapenzi.

Leo tuko na SMIG. Mu 2018 serikali iliiweka 7,075 FC kwa siku, ikawa dolari 4 na kidogo. Mu 2024 franka zilezile hazikufika hata dolari 3, na mufanyakazi hakupunguziwa saa hata moja. Mu 2025 ilipandishwa kuwa 14,500. Ni vizuri, lakini SMIG inasema tu wapi mushahara usishuke. Mushahara wa kuishi unaanzia upande mwingine: nyumba, chakula, shule, dawa, umeme, na kitu kidogo cha kubakisha. RAID na CAJJ ya Kolwezi walifanya hesabu hiyo mu ripoti yao ya 2021, wakapata dolari 402 kwa mwezi. Wakaona pia kwamba mu migodi mikubwa mitano, zaidi ya nusu ya watu walikuwa wa sous-traitance, na wengi wao walikuwa chini ya pale. Kofia ni moja, shimo ni moja, vumbi ni moja. Mushahara njo mbalimbali.

Na mwenye kampuni anapata nini akilipa vizuri? Angalia dereva wa kamio ya tani 100. Kama mushahara haumutoshi, usiku anaendesha manseba, asubuhi anapanda kamio na macho mekundu. Ajali moja inakula pesa ya mishahara ya miezi mingi, bila kuongelea maiti. Au anajifunza kazi miezi sita, halafu kampuni ya jirani inamuongezea dolari 50, anaenda. Ni mambo yaleyale ya mbele ya 1928! Tena pesa ya mufanyakazi hailali. Inaenda kwa mama wa sokoni, kwa fundi wa matofali, kwa shule, na mutoto anayelipiwa shule hatumwi mutoni kuosha majiwe.

Kwa hiyo délégués wakiingia kuongea na kampuni, wasiende na maneno matupu. Wakae kwanza na wamama, wapige bei ya kiloba, ya makala, ya nyumba na ya sekondari mu mutaa wao, waandike kwa dolari na kwa franka, na tarehe juu. Karatasi hiyo iwekwe mezani, pembeni ya fiche de paie.