Ramani ya Dunia Kwenye Kompyuta: Namna ya Kuisoma na Mahali Inapoishia

Siku hizi si ajabu, mkutano wa kijiji ukiendelea, mtu kusimama na kuinua simu yake ili wote waone: picha ya ardhi iliyopigwa kutoka angani, na juu yake mstari wa njano. "Mpaka wetu huu hapa," husema. Wengi huamini papo hapo kwa sababu picha yenyewe ni ya kweli. Mbuyu wanaujua, paa la shule wanaliona, njia ya ng'ombe ni ile ile waipitayo kila siku. Mstari, hata hivyo, haukupigwa na setilaiti. Umechorwa na kidole cha mtu.

Makala haya yanaeleza programu za kompyuta zinazotoa picha hizo, jinsi mwananchi, mwalimu au mtendaji wa kijiji anavyoweza kuzitumia kuitazama dunia na kukitazama kijiji chake, na mahali ambapo matumizi hayo lazima yakome ili kazi ya sheria na ya mpima ianze.

Programu inayojulikana zaidi ni Google Earth. Asili yake ni kazi ya kampuni ya Keyhole ya Marekani, ambayo Google iliinunua mwaka 2004, na mwaka uliofuata programu ikatolewa kwa umma kwa jina tulijualo leo. Toleo la kompyuta liitwalo Google Earth Pro, ambalo hapo awali lililipiwa, limekuwa la bure tangu mwaka 2015. Lipo pia toleo linalofunguka ndani ya kivinjari cha intaneti bila kusakinisha chochote, na toleo la simu na vishikwambi. Ukiifungua, unaiona dunia nzima ikielea mbele yako kama tufe. Ukiiburuta kwa kipanya, inazunguka. Ukizungusha gurudumu la kipanya, inakusogelea, mpaka bara linakuwa nchi, nchi inakuwa mkoa, na mkoa unakuwa mapaa ya bati na mashamba ya alizeti.

Walimu wa Jiografia wasiharakishe kushuka kijijini. Wakae kwanza kwenye tufe, kwa kuwa hapo kuna somo ambalo ramani ya ukutani huliharibu. Ramani nyingi za dunia zilizochorwa bapa hufuata utaratibu wa Mercator, aliyeutoa mwaka 1569 kwa faida ya mabaharia. Utaratibu huo hutunza uelekeo wa dira, lakini huvimbisha nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Ndiyo maana katika ramani hizo kisiwa cha Greenland huonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika ina kilomita za mraba zipatazo milioni 30 na Greenland milioni 2 na ziada kidogo. Afrika ni kubwa mara kumi na nne hivi! Mwanafunzi akilizungusha tufe kwenye kompyuta, ukubwa wa kweli unajidhihirisha bila mwalimu kusema neno.

Kutoka hapo tuingie kwenye majira-nukta, yaani zile namba mbili za latitudo na longitudo zinazotaja mahali popote duniani. Katika kisanduku cha kutafutia andika -4.27, 34.37 na programu itakushusha jirani na Kiomboi. Namba ya kwanza ni umbali wa nyuzi kutoka Ikweta, na alama ya kutoa iliyo mbele yake maana yake ni kusini. Ukiisahau alama hiyo, utapelekwa kaskazini mwa Ikweta kwa umbali ule ule, na utajikuta Turkana nchini Kenya, jirani na Lokichoggio. Ukizigeuza namba, ya pili ikatangulia, utatua katika milima ya kaskazini mwa Moroko. Hili si jambo la kuchekesha tu. Taarifa ya kisima kilichoharibika au daraja lililosombwa, ikiandikwa na alama pungufu, haimfikishi fundi popote.

Inafaa pia kujua uzito wa kila tarakimu baada ya nukta. Nyuzi moja ya latitudo ni takribani kilomita 111. Kwa hiyo tarakimu mbili baada ya nukta hutaja eneo lenye upana wa kilomita moja hivi, tarakimu nne hutaja mita kumi na moja, na tarakimu tano hutaja mita moja. Anayeandika "-4.27" ametaja mtaa, anayetaka kuonyesha kisima aandike tarakimu tano. Lakini simu ya kawaida, hata ikiwa uwanjani penye anga wazi, hukosea kwa mita kadhaa, na picha ya setilaiti nayo huenda imekaa pembeni ya mahali pake halisi kwa mita nyingine kadhaa. Tarakimu nyingi kwenye kioo hazimaanishi kwamba kipimo ni sahihi kiasi hicho.

Kazi ambayo programu hii inaifanya vizuri kuliko mazoea yetu ya zamani ni kupima umbali. Ipo rula ndani yake: bofya mwanzo, bofya mwisho, na kilomita zinaandikwa. Ile Pro hupima pia eneo kwa hekta au ekari. Hapa nawasihi watendaji wa kata na vijiji wawe makini, kwa maana rula ina njia mbili za kupima, na majibu yake hayafanani. Mstari mnyoofu ni umbali wa ndege. Njia yenye vituo vingi, ambayo unaibofya ukifuata kila kona ya barabara, ndiyo umbali wa mama anayembeba mtoto mgonjwa. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007, lengo la Serikali limekuwa zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Na vijiji vinapojadili jengo likae wapi, hoja ya umbali ndiyo hutawala. Hoja hiyo ipimwe kwa njia, isipimwe kwa mstari.

Mifano tunayo hapa hapa. Fuata barabara kuu kutoka Misigiri kwenda Shelui, uinamishe picha ili uone miinuko. Utauona Mlima Sekenke ukiporomoka kuelekea uwanda wa Wembere, na ukipitisha kishale juu ya ardhi, namba ya mwinuko iliyo chini ya kioo itashuka mamia ya mita ndani ya mwendo mfupi. Vitongoji viwili, kimoja juu ya ukingo na kingine chini yake, vinaweza kuonekana vimegusana kwenye ramani bapa. Au fuata Mto Sibiti, unaotoka Ziwa Kitangiri kwenda Ziwa Eyasi. Ng'ambo moja ni Mkalama, ng'ambo ya pili ni Meatu mkoani Simiyu. Kabla ya Daraja la Sibiti kujengwa, rula ingesema watu wa pande hizo mbili ni majirani, ilhali mto ukijaa jirani hakufikika. Rula haijui mto.

Haijui masika pia, na jambo hili linahitaji kuelezwa kwa kirefu. Picha unazoziona si matangazo ya moja kwa moja. Ni picha zilizopigwa siku mbalimbali, pengine miaka mbalimbali, kisha zikaunganishwa kama viraka vya kanga. Mawingu huziba ardhi, kwa hiyo picha zinazochaguliwa ni zile za siku zenye anga safi. Na kwetu Singida, ambako mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, anga safi ndiyo kiangazi. Matokeo yake ni kwamba mkoa wetu kwenye kompyuta unaonekana mkavu karibu mwaka mzima. Mbuga ya udongo mweusi, ambayo Februari hunasa trekta, inaonekana kama uwanja tambarare uliosafishwa, pazuri pa kuweka madarasa mawili na nyumba ya mwalimu. Anayechagua kiwanja kwa kuangalia picha hiyo peke yake, hata awe msomi, ataujenga msingi kwenye maji.

Tiba ipo ndani ya programu yenyewe. Toleo la Pro lina alama ya saa. Ukiibofya unapewa mstari wa miaka, nawe unaweza kurudi nyuma picha kwa picha, na tarehe ya kila picha inaandikwa. Upo pia mkusanyo wa picha za muda unaoanza mwaka 1984, ambao huonyesha uso wa dunia ukibadilika mwaka hadi mwaka. Humo utaiona Bahari ya Aral, kule Kazakhstan na Uzbekistan, ikinyauka baada ya mito yake kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba. Kisha rudi nyumbani ulitazame Ziwa Kitangiri. Ni ziwa la kina kifupi, hivyo ukingo wake husogea mbali kwa badiliko dogo la maji. Kabla ya kijiji kugawa ardhi iliyo kandokando ya ziwa au mbuga, zitazamwe picha za miaka mingi, kisha waulizwe wazee maji yalifika wapi katika mvua kubwa wanayoikumbuka. Kwa maoni yangu ushahidi wa wazee hao ni mzito kuliko picha moja ya Agosti.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa njano. Programu inamruhusu yeyote kuchora mstari au umbo, kulipa jina, kulihifadhi kama faili na kulituma kwa wengine. Vijiji viwili vinavyogombania malisho vinaweza kuleta mafaili mawili yenye mistari miwili, yote yakiwa yamechapwa kwa rangi. Vivyo hivyo mtu anayeuza kiwanja anaweza kukuonyesha picha safi iliyogawanywa vipande na kuandikwa namba. Karatasi hiyo haina nguvu ya hati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, na ugawaji wake unahitaji idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwananchi hupewa Hatimiliki ya Kimila, na kijiji hupewa Cheti cha Ardhi ya Kijiji na Kamishna wa Ardhi. Mpaka huwekwa kwa makubaliano ya pande zote mbili zikiutembea kwa miguu, kisha hupimwa na mpima anayetambuliwa, na ramani ya upimaji huidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aliulize jambo hilo katika ofisi ya kijiji na Idara ya Ardhi ya Halmashauri. Mgogoro ukiwa ndani ya kijiji, pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake.

Hata mipaka ya kiutawala inayokuja na programu isichukuliwe kama neno la mwisho. Wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na bado yapo mafaili yanayoiweka Nduguti ndani ya Iramba. Majina ya vijiji nayo hukosekana, au huandikwa kilomita kadhaa kutoka mahali pake.

Kwa upungufu wa majina kuna njia ya kujisaidia. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ni ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha bila malipo. Jijini Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora kwa njia hiyo mitaro, nyumba na barabara za kata zinazokumbwa na mafuriko. Kijiji chenye vijana wachache wanaojua kutumia kompyuta kinaweza kuingiza humo shule, zahanati, visima, malambo na majosho yake. Majina ya watu na mali zao yasiingizwe.

Kuhusu gharama, programu hula bando, kwa kuwa kila picha hushushwa kutoka kwenye intaneti. Lakini Google Earth Pro huhifadhi kwenye kompyuta baadhi ya picha ulizokwisha kuzitazama. Anayekwenda mahali pasipo na mtandao afungue eneo lake mapema akiwa penye mtandao, alitazame kwa karibu kipande kwa kipande, kisha aondoke na kompyuta yake. Picha hizo kwa kawaida zitafunguka hata huko.

Anayeleta taarifa ya miundombinu aandike jina la kitongoji, majira-nukta mawili yenye tarakimu tano baada ya nukta pamoja na alama ya kutoa, tarehe aliyosimama hapo, na kama alisoma namba kwenye simu akiwa mahali penyewe au aliibofya picha akiwa ofisini. Hilo la mwisho husahaulika mara nyingi, nalo ndilo humwambia fundi akifika aanze kutafuta ndani ya hatua ngapi.