Pambizo la Darasa Zima (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tuliona kuwa mtoto wa Mbulu au Hanang anaweza kutamka kila neno la Kiswahili kitabuni bila kushika maana. Nadai leo kuwa dawa mojawapo ni pambizo la pamoja: matini moja kwenye kompyuta, kila mwanafunzi akiandika ubavuni mwa matini hiyo swali au pingamizi ambalo wenzake wanaliona na kulijibu. Desturi ni kongwe. Wanazuoni wa Lamu na Unguja walijaza hashia za vitabu vyao kwa wino. Jipya ni kwamba hashia sasa ni ya darasa zima.

Chukua taarifa za maporomoko ya tope yaliyoukumba mji wa Katesh, Hanang, tarehe 3 Desemba 2023. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya Mlima Hanang yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikamegeka. Mwanafunzi akiuliza pambizoni mbona haikuandikwa "ikamegwa", ameshafika kwenye kiini cha kusoma, maana kitenzi cha kwanza hakimtafuti mtendaji na cha pili kinamdai. Basi aliyemega ni nani, mvua au shoka la mkata miti? Au hakuna wa kulaumiwa? Mmoja atajibu, mwingine atamkosoa, na ubishi wote utabaki umeandikwa. Atakayeketi kuandika insha ana hoja na pingamizi lake mkononi. Daftari linalosomwa na mwalimu peke yake halizai hayo.

Wapo watakaosema intaneti haifiki na simu zimepigwa marufuku shuleni. Kompyuta moja, faili lililohifadhiwa humo na zamu za kuandika zinatosha. Pingamizi la lugha ni zito zaidi: lugha za nyumbani za watoto hawa ziko mbali na Kiswahili, Kiiraqw ni cha Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti; zikiruhusiwa pambizoni, si zitakichelewesha Kiswahili? Naona kinyume. Katika Kiiraqw kitenzi hukaa mara nyingi mwishoni mwa sentensi, na nomino zina jinsia tatu badala ya ngeli. Anayeandika "mlima maji imenyonya" huenda hakukosa akili. Amebeba mpangilio wa nyumbani, na dokezo lake la Kiiraqw litamwonyesha mwalimu hivyo. Mwalimu asiyejua Kidatoga amwombe mwanafunzi mwingine atafsiri dokezo la mwenzake, nalo ni zoezi la kuandika.

Linalonisumbua kweli ni wanyonge kunakili kwa wajuzi. Ndiyo maana kila mmoja aandike kwanza swali lake kwenye karatasi, karatasi zikusanywe, kisha skrini ifunguliwe.