Taa za Dashibodi na Upepo wa Matairi

[MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA TARATIBU.]

Leo tunazungumza habari ya gari.

Usizime redio kwa kusema, mimi sina gari. Hata mimi sina. Lakini ukienda mjini unapanda gari la mtu. Mgonjwa akizidiwa usiku mnakodi gari la mtu. Na viko vikundi vya akiba ambavyo watu wanachanga mwaka mzima, au miwili, wananunua gari moja kuukuu ili liwaletee kipato. Gari kama hilo likiua injini, dereva halii peke yake. Wanalia watu ishirini au thelathini, na karo za watoto wao zimo ndani ya injini ile.

Injini mara nyingi haifi bila taarifa. Inatoa taarifa kwanza, na taarifa hiyo inatokea mbele ya macho ya dereva, kwenye dashibodi, pale pale penye mshale wa spidi. Ni taa ndogo zenye michoro. Hazina maandishi mengi, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaweza kuzielewa.

Tuanze na rangi. Taa nyekundu inasema: simama. Taa ya manjano inasema: unaweza kuendelea polepole, lakini tafuta fundi upesi, usingoje mwezi uishe. Kijani na bluu hazina ugomvi na wewe, zinakuambia tu kwamba kitu fulani kimewashwa, kama indiketa, au taa kubwa za mbele zinazoangaza mbali.

Sasa sikilizeni hili vizuri, hasa ninyi mnaopanga kununua gari la kikundi. Dereva akizungusha ufunguo bila kupiga stata, taa nyingi za tahadhari zinawaka kwa pamoja: ya oili, ya betri, ya injini, ya breki. Hapo gari linajikagua lenyewe, linaonyesha kwamba balbu zake ni nzima. Ukipiga stata na injini ikanguruma, zinazimika zote ndani ya sekunde chache. Ikibaki moja, hiyo ndiyo yenye habari.

Lakini je, taa fulani isipowaka kabisa ufunguo ulipozungushwa? Hapo uwe na wasiwasi zaidi. Pengine balbu imeungua. Pengine mwenye gari amechomoa balbu, au amebandika kipande cha utepe mweusi juu yake, ili mnunuzi asione ugonjwa. Ujanja huu upo kwenye biashara ya magari yaliyotumika, kila mahali. Kwa hiyo mkienda kununua, msimkute muuzaji amekwisha kuwasha injini, anawasubiri huku anatabasamu. Mwambieni azime. Gusa boneti uone kama injini ni ya moto. Ikipoa, zungusha ufunguo mwenyewe, zihesabu taa, ndipo upige stata.

[SAUTI YA INJINI IKIWASHWA. SEKUNDE 5.]

Taa ya kwanza, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote, ni ile yenye mchoro wa birika dogo lenye mdomo mrefu na tone moja linadondoka. Hiyo ni taa ya oili. Watu wengi wanadhani inasema oili imepungua. Haisemi hivyo. Inasema oili haisukumwi kwa nguvu inayotakiwa. Ndani ya injini kuna pampu inayopeleka oili kati ya vyuma vinavyozunguka. Pampu isipofikisha oili, chuma kinasuguana na chuma kikiwa kikavu, kinapata moto, kinalika, na mwisho kinashikana. Hapo mafundi wanasema injini imenoki. Hilo halihitaji siku nzima. Dakika chache zinatosha.

Kwa hiyo birika jekundu likiwaka mkiwa njiani, toa gari pembeni mahali salama na uzime injini hapo hapo. Yule anayesema, "Ngoja nifike kituoni kwanza, ni kilomita mbili tu," kilomita hizo mbili ndizo zinazokula pesa za kikundi. Ukiisha kuzima, ngoja dakika tano hadi kumi oili ishuke chini. Gari liwe mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kitoe tena usome. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza oili ya aina ile ile inayotumiwa na gari hilo, kidogo kidogo, huku unapima. Washa. Taa ikizimika, nenda kwa fundi akutafutie inakovuja. Lakini kama oili iko sawa na taa bado inawaka, usiendeshe. Pengine pampu ni mbovu, pengine ni waya tu wa sensa, na wewe huwezi kujua ukiwa barabarani. Vuta gari kwa kamba. Kamba ni rahisi kuliko injini.

Wakati mwingine birika linawaka na kuzima mnapopanda mlima au mkikata kona. Dereva anasema, "Aa, imezimika yenyewe." Hapana, kaka. Oili imekuwa kidogo, inakimbilia upande mmoja, na pampu inavuta hewa. Hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuokoa injini, maana bado haijaumia sana.

Taa ya pili ni ya joto: mchoro wa kipimajoto kimesimama ndani ya maji. Magari madogo mengi ya siku hizi hayana mshale wa joto. Yana taa tu, ya bluu au kijani injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi joto. Ikiwaka nyekundu, simama, zima, fungua boneti na usiguse kitu. Hatari hapa si kwa gari peke yake. Maji ya rejeta yamefungiwa kwa nguvu, na yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100. Ukifungua mfuniko yakiwa moto yanaruka kama chemchemi, na yanabandua ngozi ya uso na mikono. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika mfuniko kwa mkono mtupu bila kuungua. Hata hapo weka kitambaa kizito na uufungue taratibu. Wala usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, inaweza kupasuka kichwa. Najua abiria wana haraka na jua ni kali. Washukeni wakae kivulini.

Taa ya betri, ile ya kisanduku chenye alama ya kujumlisha na kutoa, inawadanganya wengi. Wanakimbilia kununua betri mpya. Ikiwaka injini ikiwa inanguruma, maana yake betri haichajiwi. Mara nyingi ugonjwa ni wa alternata au mkanda wake. Fungua boneti utazame kama mkanda upo. Kwenye magari mengi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukiwa umekatika, usiendelee, maana baada ya muda mfupi taa ya joto nayo itawaka. Ukiwa mzima, zima redio na feni, uende moja kwa moja kwa fundi bila kuzima injini njiani, kwa sababu huenda isiwake tena.

Ya breki ni duara jekundu lenye alama ya mshangao katikati. Kwanza tazama breki ya mkono, pengine umesahau kuishusha. Kama imeshuka na taa bado ipo, mafuta ya breki yamepungua kwenye kikopo chake. Hayapungui bure: ama pedi zimelika, ama kuna mahali yanavuja. Kanyaga pedali. Ikizama mpaka chini, au ikiwa laini kama sifongo, gari hilo halitembei, hata kama ndani yupo mama mwenye uchungu wa kuzaa. Tafuta gari lingine. Nimesema hivyo nikijua kwamba gari lingine si rahisi kupatikana saa nane za usiku. Lakini kwenye mteremko, gari lisilo na breki halimfikishi mama hospitali.

Za manjano tuzipitie upesi. Mchoro wa injini ukiwaka bila kukatika, nenda polepole, fundi mwenye kompyuta atasoma kasoro. Ukiwa unawaka na kuzima huku gari linatetemeka, punguza mwendo sana na usimame mapema, kwa kuwa petroli haiungui vizuri ndani ya injini. Taa ya herufi ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zinafanya kazi, ila magurudumu yanaweza kujifunga na kuteleza ukikanyaga ghafla kwenye matope.

Na wewe abiria? Unaweza kuuliza. Si kwa kumgombeza dereva mbele ya watu. Mwambie, "Kaka dereva, samahani, lile birika jekundu linasema nini?" Dereva mzuri atakujibu. Asiyejua jibu, umemsaidia.

[MUZIKI MFUPI.]

Sasa matairi, au pneu kama tunavyosema sisi wa Kivu. Iko taa yake pia, ya manjano, kama kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao ndani. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuiweka kwenye magari madogo mapya yote tangu mwaka 2007. Magari mengi yaliyotoka Japani, ambayo ndiyo tunayopanda huku kwetu, hayana. Na hata linalo, taa hiyo inaweza kuwaka tairi likiwa limekwisha kupoteza robo ya upepo wake. Kwa hiyo usiingoje taa. Tafuta geji.

Wengine wanapiga tairi teke, wanasikiliza mlio, wanasema liko sawa. Teke halijui kutofautisha PSI 32 na PSI 24, na tofauti hiyo inatosha kupasua tairi. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja kunaleta joto. Ongeza mzigo, mwendo na jua la Turkana, ubavu unachoka mpaka unapasuka, na gari linavuta upande dereva asikotaka.

Upepo sahihi haujaandikwa kwenye tairi. Namba ya ubavuni ni ya juu kabisa ambayo tairi linaweza kuvumilia. Ya kufuata iko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani yanaandika kwa kPa, wakati geji za mafundi wetu wa pancha zinasoma PSI. Gawanya kwa 7 utapata karibu sawa: 220 kPa ni kama PSI 32. Kama karatasi ina namba mbili, moja ni ya watu wachache, nyingine ya gari lililojaa, na matairi ya nyuma ndiyo yanayoongezwa zaidi. Msidhani lakini kwamba upepo unaweza kubeba kila kitu. Watu tisa kwenye gari la watu watano, na magunia juu, ni uzito ambao hakuna geji itakayourekebisha.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, au baada ya kusimama saa tatu. Joto likipanda nyuzi tano au sita, upepo unaongezeka kama PSI moja. Pale Kakuma, kutoka alfajiri hadi mchana, utaona PSI mbili au tatu za ziada bila mtu kujaza chochote, na safari inaongeza nyingine. Usizitoe. Ukizitoa, kesho asubuhi tairi litakuwa chini ya kipimo. Pima mara moja kwa wiki, na usisahau tairi la akiba, ambalo kwa kawaida linakumbukwa siku pancha imetokea nalo likakutwa halina upepo.

Likipungua kila wiki, paka maji ya sabuni kwenye valvu na kuzunguka tairi. Povu likitokea, ndipo linapovuja. Rudisha pia kofia ya valvu, maana vumbi la huku linaingia kila mahali.

Mwisho, kwa wanaonunua matairi yaliyotumika: tafuta ubavuni namba nne ndani ya duara refu, mwishoni mwa herufi DOT. 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na kupakwa rangi nyeusi likang'aa, huku mpira wake umezeeka. Likunje ubavu kwa vidole, tazama nyufa ndogo ndogo. Ukiziona, mrudishie mwenyewe, hata kama anapunguza bei.

Juma lijalo tutazungumza habari ya pikipiki na helmeti.

[MUZIKI WA KUFUNGA.]