Supa Modo: Kicheko kwenye swali ambalo wazazi hulikwepa

Wazazi wa Mingoyo wanaijua safari ya kumpeleka mtoto hospitali kubwa: basi la alfajiri hadi Dar es Salaam, kisha foleni Muhimbili. Mara nyingi swali gumu haliulizwi na daktari. Huulizwa na mtoto mwenyewe: “Mama, nitapona?”

Filamu ya Kenya ya mwaka 2018, Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inalishika swali hilo bila kumchosha mtazamaji kwa majonzi.

Jo ana miaka tisa na anapenda filamu za mashujaa kupita kiasi. Ugonjwa wake hauna tena tiba, hivyo mama yake, mkunga wa kijiji cha Maweni, anamtoa hospitali na kumrudisha nyumbani. Mama anataka mwanawe apumzike ndani. Dada mkubwa, Mwix, haoni kwa nini mdogo wake azimalizie siku zake kitandani. Anamwaminisha Jo kwamba ana nguvu za ajabu, na taratibu kijiji kizima kinaingia kwenye mchezo huo. Kuwaona watu wazima wakiigiza ili mtoto mmoja afurahi kunachekesha, na kunagusa.

Mama hafurahii. Kwake huo ni uongo. Yeye na Mwix wanampenda Jo sawasawa, ila kila mmoja ana njia yake. Familia nyingi zenye mgonjwa zitajiona hapo.

Anayeibeba filamu ni mtoto Stycie Waweru, aliyecheza kama Jo. Haombi huruma. Anacheka, ananuna, anatania, halafu ananyamaza kidogo, na mtazamaji anatambua kwamba mtoto huyu anaelewa mengi kuliko wakubwa wanavyodhani.

Hapo ndipo lilipo somo la mzazi. Mtoto husikia minong’ono jikoni na huona macho mekundu ya mama. Akifichwa kila kitu, hubaki na hofu yake peke yake. Akiambiwa ukweli kwa kipimo cha umri wake, hupata mtu wa kuishika naye.

Katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018, jopo la majaji watoto liliipa Supa Modo heshima ya kutajwa kipekee.

Ina dakika 74. Mzazi aitazame kwanza peke yake, kisha akae na wanawe, na ikiisha asikimbilie kuzima simu. Maswali yatakuja.